Namna ya kuimaliza siku Fort Laramie: mwongozo kwa kuruti wa mwaka 1864

Uliandikisha jina kule Ohio ukitaka kupigana na waasi wa Kusini. Umeletwa magharibi, siku nyingi za vumbi na nyumbu, mpaka mahali ambapo mto Laramie unamwaga maji yake katika North Platte, nchi ambayo leo ni jimbo la Wyoming. Mwasi hata mmoja humuoni. Unachokiona ni upepo, nyasi zilizokauka, na waya mmoja uliotundikwa juu ya nguzo ukielekea machweo.

Nakuandikia kana kwamba wewe ni kuruti mpya wa Kikosi cha 11 cha Wapanda Farasi wa Ohio, majira ya baridi ya 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa katika mwaka wake wa nne. Maisha ya kambi hayaeleweki kwa kuhadithiwa, yanaeleweka kwa kufuata tarumbeta saa baada ya saa. Waliopita JKT watacheka peke yao humu ndani, maana fatiki ni fatiki, iwe Ruvu, iwe Laramie.

Kwanza jua umekuja kulinda nini

Usitafute ukuta, hakuna. Kituo hiki jeshi lilikinunua mwaka 1849 kwa dola 4,000 kutoka kwa kampuni ya biashara ya ngozi, halafu likajenga nyumba kuuzunguka uwanja wa gwaride, wazi pande zote. Lile jengo la ghorofa lenye baraza ndefu ni la maofisa wasio na wake. Watu wanaliita Old Bedlam kwa makelele yake, na wewe huna shughuli nalo. Duka la Seth Ward lipo upande wa pili, nalo utakuwa na shughuli nalo kuliko mfuko wako unavyoweza.

Ule waya ndiyo sababu ya wewe kuwa hapa. Tarehe 24 Oktoba 1861 waya wa telegrafu kutoka mashariki uliungana na ule wa kutoka California. Kabla ya hapo barua ya haraka ilichukua kama siku kumi juu ya migongo ya farasi, sasa habari inafika kabla kahawa haijapoa. California ina dhahabu, na serikali ya Lincoln inaitaka dhahabu hiyo na watu wake wabaki upande wake. Askari wa kudumu waliitwa mashariki kupigana, na mwaka 1862 wakaja hawa wa kujitolea, chini ya Luteni Kanali William O. Collins. Kombania zake zimegawanywa vipandevipande kwenye vituo vidogo vya telegrafu kando ya njia, vingine vikiwa na askari wasiojaza meza mbili.

Jambo la pili la kujua, ambalo sajini hatakuambia: nchi hii ina wenyewe. Mwaka 1851 serikali ilitia saini mkataba hapo Horse Creek, safari fupi chini ya mto, ukichora mipaka ya ardhi za Lakota, Cheyenne, Arapaho na wengine. Wao walikubali njia ipite. Hawakukubali mifugo ya wahamiaji imalize nyasi na nyati wakimbie. Baadhi ya Lakota wanaishi jirani na kituo hapohapo, wameoleana na wafanyabiashara, na mkalimani utakayemhitaji siku ya shida atatoka kwao. Wasalimie.

Amka kabla hujaamshwa

Wapanda farasi hawaamshwi kwa ngoma, huamshwa kwa tarumbeta. Hulia alfajiri, saa yenyewe ikisogea kwa majira na kwa amri ya mkuu wa kituo. Humo hangani mnalala wawili kitanda kimoja, juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa majani makavu. Kanuni inasema majani yabadilishwe kila mwezi, lakini kanuni haijawahi kulala hapa. Mwenza wa kitanda mchague kama unavyochagua shemeji. Sura si kitu, mtazame blanketi lake na usikilize kama anakoroma.

Soksi zako zilaze ndani ya blanketi, tumboni. Zikilala nje zitaamka zimekakamaa kama kuni. Viatu viweke mdomo chini.

Una dakika chache tu za kuvaa suruali ya sufu ya buluu na koti, kisha foleni nje, majina yaitwe. Ukiitwa, itika kwa sauti. Asiyeitika anaandikwa, na aliyeandikwa ndiye atakayezoa samadi. Viboko vimefutwa jeshini tangu Agosti 1861, lakini kuna njia nyingine za kukukumbusha, kama kutembea uwanjani kutwa ukiwa na gogo begani.

(Kuhusu nguo, kwa wasomaji wa mwambao: vita hivihivi ndivyo vilivyofanya merikani iadimike Unguja. Viwanda vya Massachusetts vilikosa pamba ya Kusini, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi sokoni. Babu zetu walivisikia vita vya Lincoln dukani.)

Farasi ale kabla yako

Kabla ya chai ni bandani. Wengi wa makuruti hulia hapa, maana tumbo linanguruma na farasi anakunyea karibu na kiatu. Fuata utaratibu huu na koplo hatakuwa na la kusema:

1. Mfunge kamba fupi. Anza upande wa kushoto, shingoni, ukija nyuma. Kitana cha chuma kwanza kulegeza matope, brashi ndiyo ifuate. Kitana usikipitishe miguuni wala usoni, hapo mfupa uko karibu na ngozi.
2. Inua kwato moja moja, chokoa mawe na barafu. Barafu ikiganda ndani ya kwato, farasi anatembea kama aliyevaa viatu vya visigino.
3. Pitisha kiganja mgongoni chini ya mahali pa tandiko. Penye joto au uvimbe, sema leo. Kesho litakuwa kidonda, na farasi mwenye kidonda maana yake ni wewe kwenda kwa miguu.
4. Blanketi la tandiko likunjwe bila hata mkunjo mmoja unaokwaruza. Uliweke mbele kidogo kisha ulivute nyuma, ili nywele zilale. Mkanda wa tumbo ukaze, subiri apumue, kaza tena. Farasi ni mjanja, hujaza pumzi.

Posho ya farasi kwa siku, kwa kitabu, ni kilo 6 na ushei za majani makavu na kilo 5 na nusu hivi za nafaka. Nafaka inakuja kwa magari ya kukokotwa kutoka pande za mto Missouri, karibu kilomita 1,000, kwa hiyo Februari kitabu kinabaki kitabu.

Kahawa, na namna ya kuila biskuti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu askari wa vita hivi aliweza kuvumilia karibu kila kitu ila kukosa kahawa.

Utapewa mbichi, punje za kijani, kwa sababu mbichi hazipotezi ladha ghalani. Hesabu ni ratili 10 kwa watu 100, yaani gramu 45 kwa kila mmoja. Weka kikaango juu ya makaa, si juu ya moto wa ndimi. Mimina punje tabaka moja tu na koroga bila kupumzika. Zitakuwa za manjano, kisha hudhurungi, kisha zitaanza kupasuka kama mahindi ya bisi. Ukisikia mlio huo hesabu mpaka mia ukiendelea kukoroga, halafu epua. Ukizubaa kutazama nani amepokea barua, umeshachoma mgao wa watu wanne na hutasahauliwa. Kinu hakuna. Tia punje ndani ya ndoo, twanga kwa kitako cha bunduki, na hakikisha kwanza bunduki haina risasi. Chemsha, tupia maji baridi kidogo ili machicha yazame, kunywa ikiwa nyeusi. Sukari utapewa, nayo ihifadhi mbali na mwenzako wa kitanda.

Biskuti ni unga na maji, zimeokwa mpaka zimekuwa tofali. Usijaribu jino. Njia ya kwanza ni kuzivunja ndani ya kahawa ya moto: fukusi wataelea, uwakwangue kwa kijiko, unywe. Njia ya pili ndiyo tamu zaidi. Loweka biskuti katika maji baridi mpaka zilainike, zikamue, kisha zikaange kwa mafuta ya nguruwe wa chumvi. Huyo nguruwe unapewa gramu 340 kwa siku, au nyama ya ng'ombe gramu 567 inapopatikana. Mloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji, la sivyo utashinda mtoni. Muislamu ningemshauri asubiri siku ya ng'ombe, na kunde zipo.

Hatari ya kweli ya meza hii ni kiseyeye. Ukiona fizi zinavimba na kutoka damu, kovu la zamani linafunguka, miguu imekuwa mizito, usijidai mwanaume. Kula viazi vibichi na siki vikipatikana, na theluji ikiyeyuka chimba vitunguu pori kando ya mto. Jeshi pia linatoa mboga zilizokaushwa na kugandamizwa kuwa matofali. Askari wanazitania kwa jina ambalo tafsiri yake ni mboga zilizonajisiwa. Zile hivyohivyo.

Mchana: fatiki na kwata

Tarumbeta ya wagonjwa inalia mapema. Nenda ukiwa mgonjwa kweli, daktari ameshaona waigizaji wengi kuliko wewe. Baada ya hapo ni fatiki, na fatiki ndiyo kazi yako ya uaskari hasa. Kuni zinafuatwa mbali kwa sababu miti ya karibu ilishakwisha. Maji yanaletwa kwa mapipa kutoka mtoni, na mto ukiganda mnakata barafu vipande vikubwa na kuitunza kwa ajili ya kiangazi. Shimo la choo linajaa, jingine linachimbwa. Ukienda kuni, panda gari la mbele, la nyuma linakula vumbi au theluji yote.

Kwata ni saa moja au mbili kwa siku, hali ya hewa ikiruhusu. Kaa katikati ya mstari, fanya anachofanya jirani.

Kuoga: kanuni inataka miguu ioshwe angalau mara mbili kwa wiki. Hilo lifuate hata kwenye baridi, ukikausha vizuri katikati ya vidole. Habari ya mwili mzima uamue na mwenzako wa kitanda.

Lindo

Lindo ni saa 24, kwa zamu tatu: saa mbili umesimama, saa nne umepumzika, kisha tena. Hizo saa nne za kupumzika unalala na viatu na mkanda. Kabla ya kupokea zamu uliza mambo manne, na usikubali jibu la "utajua mbele ya safari": mpaka wako unaanzia wapi na kuishia wapi, unalinda nini hasa (ghala, banda, baruti), neno la siri la leo ni lipi, na mkuu wa lindo yuko upande gani.

Ukisikia hatua gizani, simama, elekeza silaha, uliza "Nani huyo?" Akijibu kuwa ni rafiki, mwamuru mmoja tu asogee, na neno la siri alinong'one. Afande akijifanya amelisahau ili akupime, mzuie. Kesho atakusifu au atakuchukia, lakini hutafungwa.

Usilale. Kifungu cha 46 cha Kanuni za Vita kinasema mlinzi aliyekutwa amelala atauawa, au apewe adhabu nyingine kadiri mahakama ya kijeshi itakavyoona. Ujanja wa kukaa macho ni kutembea, kutafuna kipande cha biskuti (sasa umejua kazi yake), na kutoegemea kitu chochote chenye mbao. Upepo wa bonde lile ukikuchapa, geuza mgongo kidogo lakini masikio yabaki wazi. Farasi bandani watakuambia kabla hujaona. Wakiinua vichwa wote pamoja, kuna jambo.

Waya ukinyamaza

Kuna siku mtambo wa telegrafu utaacha kugonga, na mtapelekwa kutafuta mahali ulipokatika. Hii ndiyo doria. Beba posho ya siku kadhaa iliyokwisha pikwa, blanketi mbili, kiberiti kilichofungwa kwenye kitambaa chenye nta, na waya wa akiba. Fuateni nguzo, lakini msitembee wote chini yake. Wawili watangulie juu ya vilima, mmoja abaki nyuma. Mkikuta nguzo zimeanguka, tazameni kwanza kama ni upepo, nyati waliojikuna, au shoka. Kama ni shoka, mwenye shoka huenda anawatazama. Nusu yenu washike farasi na silaha, nusu wafanye kazi. Vueni glavu wakati wa kuunga tu. Chuma cha Januari kinashika ngozi.

Mpaka Novemba 1864 ungeweza kufanya kazi hii ukiwa na watu wanne na bahati. Tarehe 29 mwezi huo, kule Sand Creek katika eneo la Colorado, askari wa kujitolea wa Kanali John Chivington walivamia kambi ya Cheyenne na Arapaho waliodhani wako kwenye amani, wakaua watu wengi, sehemu kubwa wakiwa wanawake, watoto na wazee. Hukuwepo. Deni lakini litadaiwa kwenye njia yako. Julesburg, kituo cha njiani kule Colorado, kilishambuliwa Januari 7 mwaka 1865 na tena Februari 2. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya kituo kidogo cha Mud Springs, chenye askari wasiofika kumi. Opereta aligonga kuomba msaada, na Collins akatoka Laramie na askari zaidi ya 100, wakipanda usiku kucha kwenye baridi iliyowababua vidole. Ukichaguliwa safari kama hiyo, shuka na kutembea kila baada ya muda. Anayebaki juu ya tandiko kwa kuwa amechoka ndiye atakayekatwa vidole vya miguu.

Na hili la farasi nimelibakiza kwa makusudi. Mtoto wa Luteni Kanali, Caspar Collins, ni luteni, kijana mpole anayechora ramani za vituo na kuandika barua nyumbani. Julai 26, 1865, akiwa na miaka 20, aliamriwa kule Platte Bridge kuvuka daraja na askari ishirini na ushei kulipokea kundi la magari. Farasi wake hakuwa wake, aliazimwa. Wanasimulia kwamba mnyama alichanganyikiwa kwa kelele akamchukua moja kwa moja katikati ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne. Hakurudi. Jeshi likakiita kituo Fort Caspar. Jina la ukoo, Collins, lilishatumika kwa kituo kingine kule Colorado, Fort Collins, kwa ajili ya baba yake. Mji uliokuja baadaye ukaandikwa Casper, kwa kosa la herufi. Usipande farasi usiyemjua siku ya vita.

Jioni

Jua likizama, bendera inashushwa, majina yanaitwa tena. Hapo ndipo unapata saa zako mwenyewe. Andika barua. Kama hujui kuandika, mtafute anayejua na umlipe kwa tumbaku. Usitarajie majibu haraka, kwani tangu Julai 1862 magari ya posta yalihamishiwa njia ya kusini, mbali na hapa. Inachekesha na kuudhi: mtambo wa telegrafu unakwambia leo nani ameshinda Virginia, ila hujui kama mama yako alipona homa ya mwezi wa nane.

Mshahara ni dola 16 kwa mwezi, umepanda mwaka huu kutoka 13. Mlipaji anatakiwa kuja kila miezi miwili. Hesabu iwe minne au zaidi, na kwa hiyo dukani kwa Ward usichukue kwa mkopo kitu kisicholiwa, kisichovaliwa au kisichovutwa.

Masika ya 1865 utaletewa majirani wapya katika njia hii: wanaume wenye koti jipya la buluu na lafudhi ya Kusini. Hao walikuwa wafungwa wa vita. Wamekula kiapo kwa serikali ya Muungano, yaani ya Lincoln, ili watoke gerezani, kwa sharti la kupelekwa mipakani wasije wakapigana na ndugu zao. Kwa jumla walifika kama 6,000, katika vikosi sita. Usimuulize kwenye mapigano ya Gettysburg alikuwa upande gani. Muulize kama anajua kukaanga kahawa, kisha kaeni. Wengi wanajua, na huko kwao waliishi miaka kadhaa kwa kahawa ya mizizi iliyokaangwa, kwa hiyo hii ya kweli wataishika kwa mikono miwili.

Tarumbeta ya mwisho ni ya kuzima taa. Ule mlio mtulivu unaojulikana leo ulizaliwa ndani ya vita hivi, Virginia, Julai 1862, mikononi mwa Jenerali Daniel Butterfield na mpiga tarumbeta wake, na ukaenea kambi kwa kambi.

Ukisikia Aprili kwamba Jenerali Lee wa Kusini amesalimu amri, piga kelele na wenzako, tupa kofia. Usifunge mzigo. Ulipewa koti kwa ajili ya vita vile, lakini waya bado unahitaji mlinzi. Kikosi chako kitaachiwa tarehe 14 Julai 1866, mwaka mzima na zaidi baada ya wengine kurudi mashambani. Kwa hiyo kesho uko lindo la pili. Soksi ndani ya blanketi.